Nani aliwadanganya kwamba ulimwengu wote upo kwa ajili ya binadamu?

Wakuu, leo naandika nikiwa na hasira. Kila ukianzishwa mjadala wa nyota, wanyama au mazingira, lazima atokee mtu aseme "hivi vyote viliwekwa kwa ajili yetu." Akishasema hivyo anajiona kamaliza. Hoja hakuna, majigambo matupu.

Tulishatolewa katikati zamani. Mwanaastronomia Copernicus alichapisha kitabu chake mwaka 1543 akaonyesha dunia ndiyo inayolizunguka jua. Mwaka 1610 mwanaastronomia mwingine, Galileo, akatangaza kwamba kuna miezi minne inayoizunguka sayari ya Mshtarii, maana yake si kila kitu angani kinatuzunguka sisi. Mzee wa watu akashtakiwa na kanisa mwaka 1633 kwa kutetea kwamba dunia inalizunguka jua na kufia kwenye kifungo cha nyumbani. Halafu hata hilo jua halipo katikati: liko yapata miaka ya nuru 26,000 (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja) kutoka kitovu cha galaksi yetu, yaani kundi kubwa la nyota tulimo; ni nyota moja kati ya mabilioni ya nyota.

Kuna wajanja wanaosema, "mbona galaksi za mbali zote zinatukimbia? Si ndiyo ushahidi kwamba sisi ni kitovu?" Hapana! Nafasi yenyewe ndiyo inayotanuka. Ukiwa kwenye galaksi nyingine yoyote utaona hivyohivyo, zile za mbali zinakukimbia wewe. Ulimwengu hauna kitovu tunachokijua, sasa nyie mnakigombania kitu gani?

Na muda je? Ulimwengu una takribani miaka bilioni 13.8. Binadamu wa aina yetu ana kama 300,000. Dinosaria peke yao walikaa duniani zaidi ya miaka milioni 160. Hata oksijeni mnayovuta mkijisifu ilianza kujaa hewani zaidi ya miaka bilioni mbili iliyopita, ikitolewa na bakteria waliokuwa wanajitafutia chakula chao kwa mwanga wa jua. Sisi ndio tuliokuja kuizoea hewa, haikutengenezwa kwa vipimo vyetu.

Msinigeuzie uzi huu kuwa wa dini. Copernicus mwenyewe alikuwa mtumishi wa kanisa kuu, na wapo waumini wengi wasio na kiburi hiki.

Kinachoniuma hasa ni matokeo yake. Mtu akishaamini kila kiumbe kipo kwa ajili yake, anaona ana haki ya kukimaliza. Mnamjua nguva wa Steller? Mnyama mkubwa wa baharini, mpole, mla mwani, aliyefika mita nane hivi. Wanasayansi walimfahamu mwaka 1741. Kufikia 1768 hayupo tena, kaliwa na wawindaji mpaka wa mwisho. Miaka 27 tu! Mamilioni ya miaka ya uhai yameishia tumboni mwa watu waliodhani bahari ni stoo yao. Na leo bado mtu anakuja kuniuliza "huyu mnyama ana faida gani kwetu?" Kwani lazima awe na faida kwako ndipo aachwe aishi?

Anayebisha aje na hoja, matusi abaki nayo. Aanze na hili: mwanga wa galaksi ya Andromeda tunaouona usiku uliondoka huko takribani miaka milioni 2.5 iliyopita, kabla aina yetu haijakuwepo. Ulikuwa unamfuata nani?