Mrejesho: programu ya stoo iliyokuwa ikijikokota kwenye mashine pepe

Wakuu, salaam kutoka Tanga. Niliuliza kwa nini programu ya stoo ya duka la jumla hapa Ngamiani inajikokota ndani ya mashine pepe (kompyuta ya kuigizwa na programu ndani ya seva), ilhali kwenye kompyuta ya kawaida inakwenda vizuri. Wengi mlishauri niongeze RAM. Mmoja akasema nitazame chanzo cha saa, yaani mahali mfumo endeshi unaposoma muda, na huyo ndiye aliyelenga penyewe.

Programu hii inaandika muda kwenye kila mstari wa mauzo, kwa hiyo inaiuliza Linux, mfumo endeshi wetu, saa mfululizo. Chanzo cha saa kilikuwa hpet, kipima muda cha maunzi ya kompyuta. Ndani ya KVM (sehemu ya Linux inayoendesha mashine pepe) hiyo ni saa ya kuigiza: kila swali linailazimu prosesa itoke kwenye mashine pepe, seva mwenyeji ijibu, ndipo kazi iendelee. Swali moja halisumbui. Maelfu yakipangana, ndiyo kukwama kule.

Tumeweka kiraka (rekebisho) cha keneli, kiini cha Linux, na kuwasha upya. Sasa faili la /sys/devices/system/clocksource/clocksource0/current_clocksource linaonyesha kvm-clock, saa iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine pepe za KVM, na programu inapata saa kwa kusoma kumbukumbu na kihesabu cha prosesa tu, bila kutoka nje. Ripoti ya jioni, ile iliyokuwa ikimchelewesha mhasibu kurudi kwa wanawe, inatoka akiwa bado anapanga risiti. Nimefurahi mno kwa ajili yake.

RAM ni ileile. Kaka uliyetaja saa, Mungu akuzidishie. Imebaki diski, bado inatumia IDE ya kuigiza, njia ya zamani ya kuunganisha diski. Nitaihamishia virtio, njia iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine pepe, nikishachukua nakala ya data yote.