Naomba ushauri: dawa ya mpox inauzwa Gisenyi, nilipe au niache?

MtuWaNdosho
Ndugu zangu, hamjambo. Nina mgonjwa wa mpox katika familia, hapa Goma, na nimekwama. Kituoni kazi yao ni paracetamol, kuosha vidonda na kumpa uji, basi. Nilipouliza dawa yenyewe iko wapi, nikaambiwa ya kuua hicho kirusi haipo. Sasa kuna mtu ng'ambo ya mpaka, Gisenyi ya Rwanda, anayo tecovirimat, dola 120 dozi nzima. Nimesoma kwamba Marekani wameiweka akiba tele. Kwa nini wao wawe nayo, sisi tupewe paracetamol? Aliyewahi kuitumia aniambie kama inaponya. Msinichelewesheni, silali.

Mama Furaha
Pole sana baba. Mtieni mgonjwa mikononi mwa Mungu. Ila na sisi wazazi tuseme ukweli, vijana wameacha malezi, ndiyo maana magonjwa kama haya hayatutoki.

Kijana wa Birere
Mama, ugonjwa huu unashika hata mtoto wa mgongoni, malezi yanaingiaje hapo? Wewe wa Ndosho, kwa dola 120 huyo bwana akuletee na chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao, ya kumbeba mgonjwa. Pole lakini, kaka.

Muuguzi wa Katindo
Kaka, hiyo dawa ilijaribiwa hapahapa Kongo, kwa watu wetu. Utafiti ni wa PALM, yaani Pamoja Tulinde Maisha, INRB, taasisi yetu ya utafiti wa tiba ya Kinshasa, wakishirikiana na Wamarekani. Ulianza Oktoba 2022, Tunda kule Maniema na Kole kule Sankuru, wagonjwa 597, watoto kwa wakubwa. Kwa bahati nasibu wengine walipewa tecovirimat, wengine kidonge kinachofanana nayo kisicho na dawa ndani. Mgonjwa hajui kapata kipi, daktari hajui. Agosti 2024 matokeo yakatangazwa: waliomeza dawa vidonda vyao havikupona mapema kuliko vya wenzao.

Sasa shika hili. Katika hao wote waliofariki ni asilimia 1.7, wakati kwa nchi nzima ilikuwa 3.6 au zaidi. Na wa kidonge kitupu walinusurika vilevile. Kwa nini? Walilazwa siku 14 au zaidi, wakaangaliwa kwa karibu, wakalishwa, wakaoshwa vidonda, wakatibiwa na magonjwa mengine waliyokuja nayo. Uji na paracetamol unavyovilalamikia ndiyo matibabu yenyewe.

Mgonjwa ana umri gani? Na yuko kituoni hadi sasa?

MtuWaNdosho
Aksanti muuguzi. Ila Tunda si Goma. Nasikia kirusi cha huku kwetu ni cha aina nyingine. Kama hawakukijaribu hapa, watajuaje?

Muuguzi wa Katindo
Swali zuri hilo. Kweli kule ni Ia na huku Kivu ni Ib, ndugu wa karibu. Lakini dawa hiyohiyo ilijaribiwa pia kwa aina ya pili, ile iliyoenea duniani 2022, katika utafiti unaoitwa STOMP. Desemba 2024 wakasema: haikuharakisha kupona, haikupunguza maumivu. Hujanijibu mgonjwa yuko wapi.

Papa wa Himbi
Mimi ningesema mtafute infirmye, muuguzi wa mtaani, aje ampige serum, maji ya mshipa, mbili tatu nyumbani. Mwanangu alipozidiwa na malaria serum ndiyo iliyomwinua. Hizi tafiti ni za wazungu.

Muuguzi wa Katindo
Papa, kwa heshima zote, serum nayo ilipimwa, tena kwa watoto wa Kiafrika. Utafiti wa FEAST, Kenya, Uganda na Tanzania, watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na damu isiyozunguka vizuri. Madaktari wengi waliamini kwamba kuwamiminia maji ya mshipa haraka kutawaokoa. Mwaka 2011 ikaonekana waliomiminiwa walikufa zaidi: kama 10.6 kwa mia, na wasiomiminiwa 7.3. Serum ina mahali pake, ila iwe mkononi mwa mtu anayempima mgonjwa saa kwa saa. Chumbani bila kipimo, hapana.

Mwana wa Beni
Tusiseme dawa zote ni bure. Mjomba wangu aliugua Ebola 2019. PALM hiyohiyo ilikuja kwetu, dawa nne, kila mgonjwa anapangiwa kwa bahati nasibu. Familia iligoma siku nzima, shangazi anapiga kelele langoni kwamba mtu hapigiwi kura kama mbuzi wa mnada. Mwishoni mjomba mwenyewe akatia sahihi. Agosti ile wakasimamisha: mbili zilikuwa zinaokoa wazi kuliko nyingine. Waliopewa remdesivir walikufa 53 kwa mia, waliopewa mAb114, mojawapo ya zile mbili, wakafa 35. Na hiyo mAb114 mzizi wake ni damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit 1995. Ni kazi ya Profesa Muyembe wa INRB na wenzake. Mjomba yu hai, anauza mbao Butembo. Bila ile kura tungekuwa bado tunabahatisha.

Mukubwa wa Virunga
Simameni kwanza. Akaunti hii ni ya juzi. Jina la dawa, bei, mji wa muuzaji, vyote vimo katika ujumbe wa kwanza, lakini mgonjwa hana umri, hajulikani ni mume au mke. Ameulizwa mara mbili yuko wapi, kimya. Kundi letu la Bukavu lilishaletewa hadithi ya namna hii, mwishoni ikatoka namba ya simu. Huu uzi ni duka.

Kijana wa Birere
Hata mimi nimeanza kunusa. Weka picha.

MtuWaNdosho
Niweke picha ya mke wangu na vidonda vyake ndipo mniamini? Sijaleta namba ya mtu yeyote hapa. Avansi ya dola 50 nilishatoa, dawa ninazo mezani, ameshameza. Ni vidonge vyeupe vya duara ndani ya kifuko cha plastiki. Kama ningekuwa nauza ningewaambia ameanza kupona. Hajaanza.

Muuguzi wa Katindo
Asimeze tena hata kimoja. Tecovirimat ni kapsuli, nusu rangi ya machungwa, nusu nyeusi. Vidonge vyeupe vya duara ni kitu kingine. Umesema ameshameza, na dawa ziko mezani. Ina maana mkeo yuko nyumbani. Ananyonyesha?

MtuWaNdosho
Ndiyo. Nilimtoa usiku, kwa pikipiki. Mtoto ana miezi minne. Kule walitaka mtoto akae mbali na mama, na mtoto huyo chupa haishiki. Mlitaka nifanye nini? Nimwache alie hadi akauke? Mume yeyote angemtoa. Nimemtengea chumba, nachemsha nguo, najua ninachofanya.

Mukubwa wa Virunga
Naondoa neno langu la duka. Huyo muuzaji ndiye wa kutafutwa.

Muuguzi wa Katindo
Sikulaumu kwa kumhofia mtoto. Ila watoto wadogo ndio mpox inaowaua zaidi, na chumbani kwako hakuna wa kuona usaha ukianza au jicho likiguswa. Mvue mtoto nguo sasa hivi, umtazame mwili mzima, na viganja na nyayo. Nangoja.

MtuWaNdosho
Vipele viwili nyuma ya sikio. Nyanya yake anasema ni joto tu.

Muuguzi wa Katindo
Usingoje kujua kama ni joto. Mama na mtoto waende pamoja usiku huu. Langoni anza na habari za mtoto. Uliza maziwa yakamuliwe vipi na apewe kwa kijiko au kikombe, waeleze kwamba chupa haiwezi. Vidonge vyote uende navyo wavione.

MtuWaNdosho
Tutarudi. Lakini nikikuta tena wanamwacha bila kumgusa hadi saa sita mchana, nitasema hapa wazi.

Muuguzi wa Katindo
Useme, na kwao useme pia. Kuoshwa na kulishwa ni haki yake.

Mama Furaha
Baba, wale watoto wengine wanabaki na nani? Mimi niko karibu na soko la Ndosho.

MtuWaNdosho
Wako na mama yangu. Ila sabuni imetuishia, mama, na asubuhi hawana chai. Gari limefika.