Ushauri: Najiundia kidhibiti cha tangi la matumbawe hapa Kampala, nianze na nini?

TangiLaNtinda

Wadau habari za jioni.

Nina tangi la maji chumvi hapa Ntinda, maji yake yote pamoja na ya sampu (tangi dogo la chini, ambako pampu huyarudisha maji juu) ni kama lita 200. Ndani kuna samaki wawili, wale wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, kuna konokono wa kula mwani, na matumbawe laini ambayo sasa yameanza kutambaa juu ya mwamba. Ukiishi kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kuamka na kukuta matumbawe yamefunguka sebuleni ni furaha kubwa sana, na ndiyo maana nataka kuyalinda ipasavyo.

Shida ni kwamba kila kitu nafanya kwa mkono. Alfajiri maji yanashuka hadi digrii 23, mchana bati likishika moto yanafika 29. Maji yanavukizwa, chumvi inabaki, kwa hiyo kila jioni naongeza maji ya RO (matamu, yaliyochujwa chumvi na uchafu wote) kwa jagi. Umeme ukikatika nikiwa kazini, najua nikirudi tu.

Vidhibiti vya dukani kama Apex ya Neptune vinauzwa mamia ya dola, bado usafiri na ushuru, na kikiharibika sijui nimpelekee nani. Kuunganisha waya kwa risasi ya moto najua, na programu ndogondogo za bodi za Arduino nimeshaandika. Mpango wangu: ESP32 moja (bodi ndogo ya kuandikia programu, ina WiFi), bodi ya rilei nane (swichi za umeme zinazoamriwa na bodi), sensa ya joto ya DS18B20, sensa ya pH, swichi ya boya ya kuongeza maji kutoka drumu la lita 100 lililoko verandani, hita moja ya wati 300, feni mbili, taa, na pampu ndogo ya kudondosha kalisi (madini ya kujengea mifupa ya matumbawe). Vyote vinatawaliwa na bodi hiyo moja.

Naomba mnisahihishe kabla sijanunua. Je, ESP32 inatosha au niende Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo kamili? Na rilei zile za bluu zinaweza 240V kweli?

Fundi_wa_Katwe

Karibu sana dada. Umefanya vizuri kuuliza kabla ya kununua.

Rilei za bluu zimeandikwa ampea 10 kwa volti 250, ila usizipe mzigo huo. Kwa hita na taa, ukibaki chini ya nusu utakaa salama. Pampu ni habari nyingine, kwa sababu ina koili ndani. Kila inapokatwa inarusha cheche kwenye midomo ya rilei, na siku moja midomo inashikana na haiachii tena hata bodi ikiamuru. Kwa kila pampu weka snaba, ile rezista na kapasita zilizounganishwa pamoja, na kapasita iwe ya aina inayoruhusiwa kukaa kwenye umeme wa ukutani.

Sasa lililo muhimu kuliko yote. Kila rilei ina matundu matatu: COM (la pamoja), NO (umeme umekatika mpaka bodi iamuru) na NC (umeme unapita mpaka bodi iamuru). Kabla ya kufunga waya hata mmoja jiulize: bodi ikifa saa nane usiku, hiki kifaa nakitaka kimewaka au kimezima? Pampu ya kurudisha maji ifunge kwenye NC, ili bodi ikizima maji yaendelee kuzunguka. Hita ifunge kwenye NO, ili bodi ikizima nayo izime. Pampu ya kuongeza maji NO. Feni, mimi ningeweka NC, maana maji kupoa kidogo kuna nafuu kuliko kupikika. Wengi wanaanza na programu, wanakesha wakipamba kioo cha simu, na waya wanaufunga popote. Programu utaibadilisha hata ukiwa kitandani. Waya ulioko ndani ya boksi unangoja siku bodi ikifa.

Kuna jambo dogo la ESP32: inatoa volti 3.3, na bodi nyingi za rilei zimetengenezwa kwa volti 5. Nyingine zinakubali, nyingine rilei haiachii. Jaribu mezani kwanza kwa balbu, usijaribu kwa tangi. Na pini 34, 35, 36 na 39 ni za kupokea tu, haziwezi kuendesha rilei.

MwalimuFizikia_Jinja

Fundi kasema vyema. Niongezee kwenye hita, maana hapo ndipo naona hatari kubwa ya mpango wako.

Chukua lita 200 na hita ya wati 300 iliyokwama ikiwa imewaka. Ukipiga hesabu, maji yanapanda digrii moja na robo hivi kwa saa, ukiacha joto linalopotea hewani. Umetoka asubuhi maji yakiwa 25, saa nane mchana umeshapika kila kitu. Nunua hita mbili za wati 100, kila moja na rilei yake. Moja ikikwama, yenyewe haifikishi hata nusu digrii kwa saa, na unapata muda wa kushtuka. Usiku wa Kampala hauna baridi ya kuhitaji wati 300.

Halafu usiitupe thamostati iliyoko ndani ya hita. Iweke kwenye 27, kidhibiti chako kiwe kinazima kwenye 25.5. Rilei ikikwama, thamostati inabaki kama mlinzi wa pili.

Sasa sensa. DS18B20 ni nzuri, kosa lake halizidi nusu digrii, na inahitaji rezista ya kiloomu 4.7 kati ya waya wa data na ule wa volti. Lakini ina tabia mbili ambazo lazima programu yako izijue. Ikipata umeme upya kabla haijapima, inasoma 85. Na waya ukikatika, maktaba ile inayotumiwa na watu wengi kwenye Arduino inarudisha -127. Fikiria programu iliyoandikwa “kama joto ni chini ya 25, washa hita”. Waya umelegea, programu inaona -127, inawasha hita na haizimi kamwe. Andika hivi: kipimo chochote kilicho chini ya 15 au juu ya 35 ni uongo, zima hita, piga kelele. Weka sensa mbili, zikitofautiana kwa zaidi ya digrii moja fanya vivyo hivyo.

PwaniHuru

Salamu kutoka Mombasa. Mimi nasimama upande wa Raspberry Pi na reef-pi. Ni programu huria, imeandikwa mahususi kwa matangi ya matumbawe: joto, taa, kuongeza maji, pH, ratiba, vyote vimo, na unavitazama kwenye simu. Kwa nini dada aandike upya yaliyokwisha kuandikwa na kujaribiwa na watu wengi?

Jingine: zile DS18B20 zenye kifuko cha chuma cha pua zisizamishwe hivyohivyo. Maji chumvi yanakitoboa. Utaona kwanza doa la kahawia pale chuma kinapokutana na waya, halafu vipimo vinaanza kurukaruka. Itie ndani ya kijibomba cha kioo au plastiki kilichozibwa chini, au ipake gundi ya epoksi isiyo na sumu. Na shaba isiguse maji kabisa, hata kiungio cha shaba nyeupe kwenye mpira. Samaki anaweza kuvumilia kidogo, konokono na matumbawe hawavumilii.

MwalimuFizikia_Jinja

Ndugu yangu wa Mombasa, reef-pi naiheshimu, na mtu asiyependa kuandika programu namwambia aende huko moja kwa moja. Hofu yangu ni kadi ya kumbukumbu. Pi ikikatiwa umeme ghafla wakati inaandika, kadi inaweza kuharibika na isiwake tena. ESP32 inaamka ndani ya sekunde chache na kuendelea. Akienda Pi, basi aipe betri yake.

PwaniHuru

Hapo sibishi. Pi bila betri kwa umeme wetu huu, hapana.

Ila kwenye pH nataka nimzuie dada. Sensa yake ni kioo chembamba kinachotoa milivolti 59 tu hivi kwa kila hatua moja ya pH, kwa hiyo pampu iliyo karibu inatosha kuichanganya. Inataka kusawazishwa upya kwa maji maalumu ya pH 7 na ya pH 10 mara kwa mara, na baada ya mwaka mmoja au miwili imezeeka. Kuiangalia ni sawa, utajifunza jinsi pH inavyoshuka usiku na kupanda mchana taa zikiwaka. Kuiachia iendeshe pampu ya kalisi, usithubutu. Sensa ikidanganya, pampu inamwaga mpaka chupa iishe. Matumbawe yako ni laini, hayali kalisi nyingi. Badilisha maji kwa chumvi nzuri, pima alkalini kwa mkono, inatosha kwa sasa.

Na siku ukifikia matumbawe magumu, kumbuka yako kwenye orodha ya CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini), hayavuki mpaka bila kibali. Muuzaji asiye na karatasi mwache.

MamaKoi_Entebbe

Mwanangu, mambo ya rilei nawaachia hawa, mimi nasema la samaki. Umesoma joto, umesoma pH, umesoma taa. Sijaona mahali umeandika umeme ukikatika nini kinaendelea kuzunguka. Samaki atavumilia digrii 23. Maji yakisimama kwa saa kadhaa hewa inaisha, na usiku ni vibaya zaidi kwa sababu matumbawe na mwani navyo vinavuta hewa hiyohiyo. Kabla hujanunua bodi yoyote, nunua pampu ya hewa ya betri. Hiyo ndiyo ya kwanza.

TangiLaNtinda

Asante sana mama, nimekuelewa kabisa. Na walimu wangu wote, asanteni. Kwa hiyo hita mbili za 100, pH ya kutazama tu, na kalisi naiondoa kwenye mpango. ESP32 nabaki nayo, napenda kuandika mwenyewe.

Maswali mawili yamebaki. Betri ya kiasi gani inatosha pampu ya hewa? Na lile drumu la verandani, mbona hakuna aliyelitaja? Nataka nikisafiri kwenda kijijini Mbale nisiwe na wasiwasi wa maji kupungua.

MwalimuFizikia_Jinja

Betri ya volti 12 ya 7Ah, kama zile za ndani ya UPS, ina wati-saa 84. Tumia nusu tu ili isife mapema. Pampu ya hewa ya wati 5 inakwenda kwa muda wa saa nane. Kama nyumba ina sola, chomeka pampu hiyo huko na umalize kazi.

ESP32 nayo iwe kwenye betri hiyohiyo, ukiongezea kifaa cha laini kama SIM800L. WiFi ya nyumbani inazima pamoja na umeme, meseji ya kawaida inapita. Kifaa hicho kinavuta mpaka ampea 2 kwa mkupuo wakati wa kutuma, kwa hiyo kipe kapasita kubwa na chanzo chake cha volti 4 hivi, usikitegemeze kwenye pini ya ESP32. Na umeme ukirudi, programu isubiri dakika tatu kabla ya kuwasha hita na taa, maana zile dakika za kwanza volti zinacheza.

Fundi_wa_Katwe

Drumu niliona, nilikuwa nasubiri uulize.

Lita 100 za maji matamu ni nyingi mno kwa tangi lako. Swichi ikikwama, drumu lote linaingia. Lita 200 zenye chumvi ya 35 (gramu kwa kilo ya maji) zikipokea lita 100, chumvi inashuka hadi 23, na sebule imefurika. Jerikeni la lita 20 likiingia lote unapata karibu 32, matumbawe yatanuna lakini utayarudisha polepole. La lita 10, unabaki 33. Kwa hiyo ukiwa nyumbani tumia jerikeni la 10, ukisafiri weka la 20, na mtu aje kulijaza. Kumbuka pia kwamba feni zako zinapoza kwa kuvukiza maji: lita moja ikiondoka, tangi lako linapoa karibu digrii tatu. Kadiri feni zinavyofanya kazi ndivyo jerikeni linavyoisha.

Boya weka mawili. La chini linaita maji. La juu lipitishe waya wa pampu moja kwa moja, bila kupitia programu, likate likiinuliwa. Na programu yenyewe isiruhusu pampu kwenda zaidi ya dakika moja kwa mara moja. Ikizidi, izime na ikutumie meseji. Una konokono, tena konokono hupenda kupanda juu ya boya na kulikalia chini, swichi ikadhani maji hayapo. Kata kipande cha bomba la PVC, kitoboe matundu madogo, ulivalishe boya.

Mpira wa maji: mdomo wake uwe hewani juu ya maji ya sampu, usizame, na jerikeni likae chini kuliko mdomo huo. Vinginevyo pampu ikizima maji yataendelea kuvutwa yenyewe.

Boksi la rilei usiliweke juu ya sampu hata kama nafasi ni ndogo, kwa sababu mvuke wa chumvi unapanda na kula shaba ya bodi. Lipige ukutani kando, waya zote zining'inie chini kidogo kabla ya kupanda kwenye soketi, tone likitiririka lidondoke sakafuni. Umeme wote wa tangi upite kwenye ELCB (swichi inayokata umeme ukivuja) ya miliampea 30. Hilo halina mjadala, wewe ndiye unayetia mkono mle ndani.

Ukimaliza kufunga, piga picha boksi likiwa wazi uiweke hapa kabla hujachomeka ukutani. Nitaupitia waya mmoja mmoja.