Wani ya saba PCB: Muhimbili, Dodoma au Bugando? Nataka kumaliza kabla ya Ijumaa

KarangaZaIsevya
Wakuu, habari za jioni. Matokeo ya kidato cha sita mmeyaona. Binti yangu kapata wani ya saba, yaani daraja la kwanza pointi saba, kombi PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia), na toka yuko darasa la tano wimbo wake ni udaktari tu. Dirisha la maombi limefunguliwa na mimi mambo haya ni mgeni, enzi zetu ulikuwa unasubiri barua posta. Nimeambiwa siku hizi unaomba kila chuo peke yake na kila chuo unakilipia elfu kumi yake.

Nafikiria vitatu: Muhimbili, Dodoma, Bugando. Mama yake anataka Bugando kwa sababu Mwanza tuna ndugu. Mimi moyo uko Muhimbili, jina tu linatosha. Wapi ana nafasi ya kupata? Nataka kumaliza Ijumaa maana Jumamosi naingia Sikonge kununua karanga, na huko mtandao ni wa kupanda juu ya kichuguu.

Kiloleni Kwetu
Hongera sana kwa binti. Ila mkuu hujasema kitu. Saba ya namna gani? Weka alama za kila somo. Kidato cha nne alipata nini? Mkopo mnaomba au una hela? Cheti cha kuzaliwa kimehakikiwa RITA, wale wa usajili wa vizazi? Umekuja na jina la ugonjwa bila mgonjwa.

Mpiga Debe wa Stendi
Saba pointi nyingi sana hizo, Muhimbili anaingia akiwa usingizini.

MwlMstaafu
Ndugu Mpiga Debe, hapo ndipo wazazi wengi wanapopotea. Kuna pointi za NECTA, Baraza la Mitihani, na kuna pointi za TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, na zinakwenda kinyume. NECTA A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, kwa hiyo ndogo ndiyo nzuri. TCU A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, kwa hiyo kubwa ndiyo nzuri. Kwa masomo matatu ya kombi, toa pointi za NECTA kwenye 18 unapata za TCU. Huyu binti mwenye saba kwa vyuo ana 11, kati ya 15. GS (General Studies) na BAM (hesabu za ziada) hazimo kwenye hesabu hiyo.

Sasa leta alama za somo moja moja kama ulivyoambiwa.

KarangaZaIsevya
Shikamoo mwalimu, ahsante. Kumbe 11. Nilikuwa nimeshamwambia shemeji yangu ana saba kati ya ishirini na moja, sijui hata niliitoa wapi.

Alama: Baiolojia A, Kemia B, Fizikia D. Hiyo D ndiyo imemliza siku nzima, hata ugali hakula.

AsaliMbichi
D ya Fizikia kwenye udaktari? Pole mkuu. Mimi ningemshauri famasia au maabara, asipoteze elfu kumi zako.

Kiloleni Kwetu
Asali usimtishe mtu. Kwanza afungue mwongozo wa TCU wa mwaka huu asome sifa za kila kozi kwa kila chuo. Umo mtandaoni, bure, na unaonyesha hadi idadi ya nafasi. Akishavuka kigezo cha chini, chuo kinapanga waombaji kutoka juu kushuka, nafasi zikijaa wamefunga. Hakuna anayejua watakata wapi mwaka huu mpaka wote waombe. Mtu akikwambia "Muhimbili mwisho pointi fulani" anakuambia ya mwaka uliopita, au ya kijiweni.

AsaliMbichi
Sikutishi, nasema ukweli. Wani siku hizi zimejaa kama maembe ya Desemba. Wenye tatu, nne, tano wote wanakimbilia Muhimbili. Wewe wa saba unakwenda kusukumana nao mlangoni kufanya nini?

MwlMstaafu
Wani kujaa si kosa la mtoto. Na Asali kumbuka wenye tatu na nne baadhi wanaomba uhandisi, na mtu mmoja anaomba vyuo vitano lakini mwisho anakaa kimoja. Ndiyo maana majina yakitoka kuna orodha ya waliochaguliwa zaidi ya chuo kimoja, lazima wathibitishe kimoja, na nafasi walizoziacha zinarudi kwenye dirisha la pili.

Mama Wawili Urambo
Hapo kwenye kuthibitisha ndugu zangu naomba mnisikilize, maana mimi palinichoma.

Mwaka 2020, ule wa korona, mtihani ukasogezwa, matokeo yakachelewa, kila kitu kikawa mbio mbio. Kijana wangu alikuwa na wani ya sita. Nikampa elfu hamsini aende steshenari moja mjini Tabora, siitaji, akajaziwe maombi. Kijana wa pale mchangamfu sana, akamwambia kaa hapo, akajaza vyuo vitatu nusu saa. Tukarudi Urambo tunashangilia.

Majina yakatoka. Mwanangu kachaguliwa vyuo viwili, kimoja udaktari! Nikachinja jogoo. Kesho yake tunasoma tangazo: aliyechaguliwa zaidi ya kimoja athibitishe kwa namba ya siri iliyotumwa kwenye simu aliyoombea. Tunasubiri namba. Siku ya kwanza hakuna, ya pili hakuna. Siku ya tatu ndipo mwanangu ananiambia kwa sauti ya chini, "Mama, ile simu iliyoandikwa ni ya yule kaka wa steshenari." Kisa? Siku ile simu ya mwanangu ilikuwa haina chaji!

Tunapiga, haipatikani. Napanda gari hadi Tabora, steshenari imefungwa. Jirani ananiambia kijana ameitwa kwao Kaliua, baba yake mgonjwa. Sikulala. Asubuhi basi, halafu bodaboda kilomita sijui ngapi za mchanga. Nikamkuta anakandika bani, lile banda la kukaushia tumbaku, udongo umemfika kwenye viwiko. Ananiangalia kama ameona mzimu. Simu? Ilitumbukia kisimani wiki iliyopita, na laini humo humo. Neno la siri la akaunti ya mwanangu? Ameliandika kwenye daftari, daftari liko dukani, funguo za duka anazo mwenye duka, mwenye duka yuko msibani Nzega.

Tulilipata daftari siku moja baada ya mwisho wa kuthibitisha. Dirisha la pili udaktari ukawa umejaa, akachukua uuguzi. Simlaumu Mungu, amesoma vizuri na anapenda kazi yake. Lakini kila nikipita mbele ya lile duka natazama upande wa pili.

Mpiga Debe wa Stendi
Mama pole sana. Ila jogoo ulimuwahisha.

Mama Wawili Urambo
Jogoo alikuwa mkorofi, hata bila chuo alikuwa anakwenda.

Kiloleni Kwetu
Pole mama. Kwa wengine: ile namba unaweza kuomba itumwe upya ukiingia kwenye akaunti yako ya chuo ulichoombea. Ndiyo maana neno la siri likae na mtoto mwenyewe. Na laini iwe yake, imesajiliwa, isibadilishwe mpaka amefika chuoni.

Mama Wawili Urambo
Mwanangu, akaunti yenyewe ndiyo tulikuwa hatuna! Umesoma au umerukia mwisho?

Kiloleni Kwetu
Nisamehe mama. Nilirukia.

MwishoWaReli
Kutoka Kigoma nawasalimu. Mbona mnazungumza Mwanza na Dar kama huku hakuna watu? Muhimbili hao hao wamekuja kujenga kampasi Kigoma kwa mradi wa HEET, ule wa serikali wa kuboresha vyuo vikuu. Mleteni binti huku ale migebuka, akili ikae sawa.

MwlMstaafu
Majengo si kozi, ndugu yangu. Aangalie kwanza kwenye mwongozo kama udaktari umeandikwa kufundishwa huko. Migebuka tutainunua stesheni.

Fundi Reli Mstaafu
Hivi hapa Tabora si tuna Chuo cha Reli? SGR inakuja, vijana wote udaktari, treni ataendesha nani? Mimi nimefanya kazi reli miaka mingi, nimesomesha watoto sita.

AsaliMbichi
Mzee wangu, mtoto ana A ya Baiolojia unampeleka kwenye mataruma ya reli?

Fundi Reli Mstaafu
Taruma halina zamu ya usiku ya kupasua watu. Na wewe mwenye dharau, hiyo mizinga yako ya asali inafika Dar kwa mabawa?

Kiloleni Kwetu
Turudi kwenye mada jamani. Mzee Karanga hajajibu la mkopo, na ndilo litakaloamua. Bugando ni chuo cha kanisa, si cha serikali, ada ya udaktari ni zaidi ya mara mbili ya Muhimbili au Dodoma. Ni miaka mitano, kisha mwaka wa utarajali, yaani mazoezi ya kazi hospitalini. Kama ni karanga tu zinazolipa, jina la chuo weka pembeni, hesabu kwanza.

KarangaZaIsevya
Kweli, hilo nililiruka. Mkopo tunaomba. Cheti cha kuzaliwa anacho ila hakijahakikiwa. Sekondari kasoma shule ya binafsi, alilipiwa na baba yake mdogo ambaye sasa hivi hana kazi. Hiyo inaweza kutuharibia?

Mjumbe wa Cheyo
Inaweza, wanaangalia uwezo wa familia na shule mliyolipa ni kipimo kimoja. Kama kuna barua au risiti zinazoonyesha mlipaji si wewe, ambatanisha. Fomu ya mkopo inapita kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa wakili au hakimu. Mimi ni mjumbe, kila mwaka wazazi wananigongea saa tano za usiku siku ya mwisho, muhuri hauko kwangu, uko kwa mwenyekiti, na mwenyekiti ameshalala. RITA anza kesho asubuhi, msisubiri majina ya chuo.

AsaliMbichi
Njia nyingine hamuisemi: stashahada ya utabibu, miaka mitatu, anaanza kupata kipato, baadaye anaomba udaktari kwa GPA, wastani wa alama zake za chuo. Mdogo wangu kapita huko.

MwlMstaafu
Ni njia halali, lakini kwa mwenye wani? Ni kutoka Tabora kwenda Nzega kwa kupitia Mpanda. Hiyo njia iko kwa ajili ya waliokosa, na wanaopita huko wengine wakiajiriwa hawarudi tena darasani.

AsaliMbichi
Mdogo wangu alirudi.

MwlMstaafu
Mdogo wako ni mmoja. Nimefundisha miaka thelathini na moja.

Dada wa Ipuli
Nasoma toka juu mpaka chini, watu karibu kumi tumejadili na hakuna aliyeuliza binti mwenyewe anataka chuo gani. Baba anataka jina, mama anataka ndugu, mzee wa reli anataka dereva. Mimi nilipelekwa kozi niliyochaguliwa na baba, nikaacha mwaka wa pili. Sasa nashona nguo na nina furaha, lakini mkopo wa bodi bado nakatwa.

Mpiga Debe wa Stendi
Unakatwaje dada wakati hujaajiriwa?

Dada wa Ipuli
Sikatwi kwenye mshahara, nalipa mwenyewe kwa simu kila mwezi. Usikwepe hoja.

KarangaZaIsevya
Dada nimekusikia, nikamwita nikamuuliza hapa hapa sebuleni. Anasema chuo chochote, ila si Mwanza, kwa sababu kwa shangazi yake atageuzwa yaya. Mama yake kanuna, anaosha vyombo vilivyo safi.

Nimeandika kwenye karatasi: Muhimbili, Dodoma, na kile cha afya cha Mbeya kilicho chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Famasia iwe chaguo la pili kila mahali inapofundishwa. Anajaza mwenyewe kwa simu yangu, namba ya kwake. Bugando bado haijafutwa, nimeizungushia duara tu, tusubiri vyombo viishe.

Kiloleni Kwetu
Mbeya wazo zuri. Ila D ya Fizikia isome sifa zake pale pale kwenye mwongozo, kozi kwa kozi. Usinisikilize mimi.

AsaliMbichi
Na famasia nilisema mimi mapema kabisa, hakuna aliyenishukuru.

MwishoWaReli
Mzee Karanga, huko Sikonge kilo ya karanga wanauza bei gani sasa hivi? Kigoma imepanda hatari.

KarangaZaIsevya
Njoo pembeni tuongee. Hapa kuna madalali wanasoma.