MREJESHO: Nilivyokata moto Kigamboni baada ya baiskeli

Wakuu, nawashukuru sana. Nafanya mazoezi ya triathlon (kuogelea, baiskeli, kisha mbio), na mwezi jana niliuliza hapa kwa nini nilipiga baiskeli kilomita 40 Kigamboni, nikashuka kukimbia 10, ya tatu tu nikajikuta chini ya mwembe natapika, miguu imekaza kama kuni. Nilirudi kwa bodaboda, baiskeli nimeipakata. Aibu!

Aliyesema "tatizo si miguu, ni tumbo" alipatia. Nilikuwa natoka saa 2 asubuhi, jua limeshawaka, na chai ya rangi tu tumboni. Sasa natoka saa 11 alfajiri nimekula ndizi mbili, na kila dakika 20 nakunywa maji yenye sukari na chumvi kidogo, hata kama sina kiu. Kilomita mbili za kwanza za mbio naenda mwendo wa kuongea. Jumamosi nimemaliza zote 10 kwa saa moja na dakika 9, sijatapika.

Mengine niliyojaribu hayakunifaa: tende zilinisokota tumbo, nimeziacha. Kushusha siti ya baiskeli nako kuliniumiza goti, nimeirudisha. Kigimbi cha kushoto bado kinabana nikifika ya nane. Kuogelea sijagusa, bahari imechafuka wiki nzima.