Nimetolewa mfuko wa nyongo, sasa kila nikila nakimbilia choo. Nisaidieni

Mama Vitumbua (Jumatatu, saa 2 usiku)
Bandugu, hamjambo. Niko hapa Lubumbashi, Katuba. Wiki nane zilizopita nilipasuliwa, wakanitoa mfuko wa nyongo kwa sababu ya mawe. Yale maumivu ya usiku yaliyokuwa yakinishika chini ya mbavu za kulia hadi kwenye bega yamekwisha, namshukuru Mungu. Lakini tumbo hili si langu tena. Nikila sombe yenye mafuta ya ngazi, yaani mawese, hata mikono sijanawa nimeshainuka kwenda choo. Asubuhi naharisha maji ya manjano yanayochoma kama pilipili.

Kazi yangu ni kukaanga vitumbua, na mara mbili kwa wiki napanda gari kwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kuchukua unga na mafuta. Ile barabara haina mahali pa kumshusha mwanamke mwenye haraka. Siku ya safari sili kitu tangu jana yake. Nikirudi jioni ndipo nakaa na bukari yangu nashiba, na usiku huo silali. Alhamisi nasafiri tena. Waliopitia hili waniambie nile nini, niache nini. Swali langu ni la chakula tu.

Fundi wa Kamalondo
Pole sana mama. Mimi nilitolewa wangu mwaka 2019. Wiki ya tatu wenzangu wakanialika michopo, mbuzi yule mwenye mafuta yanayodondokea makaa, nikasema nitaonja vipande viwili. Nikala sahani nzima. Niliingia choo cha jirani wa pale mara nne, mtoto wake akaenda kumwambia mama yake kwamba papa fulani amehamia chooni. Miezi mitatu hivi baadaye tumbo lilitulia lenyewe. Sasa nakula mbuzi, ila vipande vitatu, na natoa mafuta ya pembeni. Vumilia, litazoea.

Shangazi Kenya
Wewe wa Kamalondo unamfundisha mwenzio ulafi. Mama, ukweli ni kwamba tunakula mafuta kupita kiasi. Marehemu mama yangu alipika sombe kwa karanga, mafuta ya ngazi yalikuwa ya sikukuu, na tulikuwa watoto tisa bila kujua mlango wa chumba cha upasuaji. Halafu mimi nadhani una amiba. Mwaka juzi nilihangaika na tumbo miezi miwili, wakapima choo, amiba. Nilipewa vidonge siku saba nikapona. Kapime amiba.

Nesi wa Usiku
Mama Vitumbua, pole. Nianze na hilo ulilouliza, halafu na mimi nina swali.

Nyongo inatengenezwa na ini, si na ule mfuko. Mfuko ulikuwa ghala tu: unaitunza, unaikoleza, na ukila chakula chenye mafuta unajiminya na kuimwaga yote kwa pamoja. Ghala limeondolewa, kwa hiyo nyongo inadondoka utumboni mchana na usiku, uwe umekula au hujala. Ikifika nyingi kwenye utumbo mpana inauwasha, unavuta maji, ndiyo hayo ya manjano yanayochoma. Ndiyo maana kushinda njaa halafu kula mlo mmoja mkubwa usiku ndiyo njia mbaya kuliko zote. Kula kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku. Ndizi mbivu, karoti zilizoiva, viazi vitamu na uji wa shayiri vina nyuzinyuzi laini zinazoishika nyongo. Mafuta usiyakate kabisa, yapunguze na uyagawe kwenye milo yote. Kahawa na pilipili zisubiri. Ikishindikana, daktari anaweza kukuandikia kolestiramini, unga unaoinasa nyongo utumboni, lakini unanasa na dawa nyingine, kwa hiyo havinywewi pamoja. Wengi hutulia ndani ya wiki au miezi michache.

Sasa langu: choo chako kina rangi gani siku hizi? Mkojo je? Na ulisharudi kwa daktari aliyekupasua?

Mama Vitumbua
Asante sana dada, hili la kula kidogo kidogo nimelishika. Shayiri nitaitafuta sokoni. Je, vitumbua vyangu mwenyewe naweza kuonja kimoja asubuhi? Rangi sijaangalia, choo chetu kina giza.

Nesi wa Usiku
Kitumbua kimoja hakiui. Lakini mama, uliyajua maji kuwa ni ya manjano humo humo gizani. Nakuuliza tena, na sikuulizi ili nikuaibishe: choo, mkojo, macho.

Papa Mstaafu
Mimi nimefanya kazi mgodini miaka thelathini na moja, nimeona wanaume wakificha maumivu ili wasikose zamu. Mjibu nesi, mwanangu.

Mama Vitumbua (Jumanne, saa 11 alfajiri)
Sikulala. Basi niseme.

Kuharisha kwa manjano ndivyo ilivyokuwa mpaka wiki iliyopita. Tangu Ijumaa choo kimekuwa cheupe, kama ule udongo wa pemba ambao wajawazito wanatafuna. Mkojo ni kama chai kavu, kila siku, hata ninywe maji vipi. Binti yangu aliniambia Jumapili tukitoka misa, "Mama, macho yako yamekuwaje?" Nikamwambia ni moshi wa mkaa. Maumivu yamerudi kidogo, mara mbili tu, si kama zamani. Na mwili unanikuna usiku.

Daktari alisema nirudi wiki ya sita nipigwe ekografi, ile picha ya tumbo. Sikurudi. Pesa hiyo niliitia kwenye unga, kwa sababu wakati nimelala kitandani wateja wangu walihamia kwa jirani, na nina watoto wanne wa shule. Mnielewe. Na si kwamba nimekaa tu. Kuna mama mmoja anatengeneza dawa ya mizizi ya kusafisha ini, dola arobaini, nimeshampa ishirini. Amesaidia wengi. Jumatano ananiletea chupa, Alhamisi nasafiri nayo. Nikirudi na unga ndipo nitaona habari ya ekografi.

Shangazi Kenya
Yesu wangu. Na mimi nilikuambia amiba.

Fundi wa Kamalondo
Mama, haya mimi sikuwa nayo hata siku moja. Yale yangu ya kusema "vumilia" nayafuta.

Kijana wa Bel-Air
Angalau ametolewa nyongo, hatakuwa na kinyongo na Shangazi.

Nesi wa Usiku
Kijana, leo hapana.

Mama, nisikilize. Nyongo ndiyo inayokipa choo rangi yake ya kahawia. Choo kikiwa cheupe maana yake nyongo haifiki utumboni. Imezuiwa njiani, inarudi kwenye damu, inatokea kwenye mkojo, kwenye macho na kwenye ngozi inayokuna. Mfuko unaweza kutolewa na jiwe likabaki kwenye mrija wa nyongo, au mrija wenyewe ukasinyaa baada ya upasuaji. Hilo haliondolewi na ndizi wala shayiri. Kolestiramini niliyoitaja usiitafute sasa, mrija ukiziba haina kazi. Na hiyo chupa ini lako litalazimika kuichuja wakati limeelemewa. Ukishikwa na homa ya kutetemeka juu ya haya, hapo hatuhesabu siku, tunahesabu saa.

Macho Manne (Jumanne, saa 4 asubuhi)
Samahani, mimi nitasema ambalo wengine wanaogopa. Uzi huu nauona umetungwa. Jumatatu maumivu "yamekwisha, namshukuru Mungu", leo yamerudi. Jumatatu "swali ni la chakula tu", leo ghafla kuna chupa ya dola arobaini ambayo "imesaidia wengi". Nyuzi za namna hii nazijua: anaanza mgonjwa, inafuata chupa, mwisho inawekwa namba ya simu. Tena siku hizi mfuko wa nyongo unatolewa kwa matundu madogo manne na mtu anarudi nyumbani kesho yake. Huyu anasema alilala mpaka wateja wakahama. Mama, kama wewe ni mama kweli, kovu lako likoje?

Kijana wa Bel-Air
Mimi pia ile chupa ilinishtua.

Papa Mstaafu
Mtu anaumwa mnamwomba kitambulisho?

Shangazi Kenya
Na kuna wanaotapeli kweli, Papa. Shemeji yangu alimchangia yatima wa simu miezi minne, na yatima alikuwa mwanaume wa miaka hamsini.

Mwalimu Kasapa
Kwa suala la kovu, zote mbili zipo. Wa kwanza kuutoa mfuko wa nyongo kwa kufungua tumbo alikuwa Carl Langenbuch, Berlin, mwaka 1882. Ule wa matundu aliuanza Erich Mühe, Mjerumani mwingine, mwaka 1985. Wa matundu unahitaji kamera na vyombo ambavyo si kila hospitali inavyo, kwa hiyo watu bado wanafunguliwa tumbo, na wa namna hiyo hulala wiki kadhaa kabla ya kubeba kitu kizito. Kovu si ushahidi wa uongo.

Mama Vitumbua (Jumanne, saa 6 mchana)
Kovu langu liko chini ya mbavu za kulia, limelala kwa mshazari, urefu wa kiganja changu, na upande wa mwisho halijisikii hata ukinifinya. Mawe yangu ninayo. Daktari alinipa kwenye kichupa cha dawa ya sindano, kifuniko cha mpira. Yako saba, ya kahawia, yamesuguana mpaka yakapata pembe kama kete, na moja ni kubwa kama punje ya hindi. Mdogo wangu wa mwisho huyatikisa akiimba. Nani angekaa atunge hayo?

Namba ya simu sitaweka. Na yule mama wa mizizi simwachi kwa sababu ya maneno ya watu nisiowajua. Alikuja kunitazama nilipokuwa kitandani, wakati wengine hawakuja.

Macho Manne
Punje ya hindi. Nisamehe mama. Nilimpoteza rafiki kwa wauza chupa, ndiyo maana nawaona kila mahali.

Nesi wa Usiku
Yule mama usimwache. Mwambie tu asubiri. Kama hadithi ni ya kubuni, hakuna aliyepoteza kitu hapa. Kama si ya kubuni, kuna mwanamke Katuba mwenye mkojo kama chai kavu anayepanga kukaa kwenye gari saa kadhaa mpaka mpakani. Ishirini zilizobaki za chupa zinatosha kuanzia ekografi? Ulizia leo. Nenda na binti yako, yeye ndiye aliyeona macho. Waambie neno kwa neno: "Nilitolewa mfuko wa nyongo wiki nane zilizopita, choo ni cheupe, macho ya manjano." Usile kitu kabla ya picha.

Fundi wa Kamalondo
Alhamisi nina gari linaloenda Kasumbalesa kuchukua vifaa vyangu. Niandikie pembeni aina ya unga na idadi ya magunia. Utalipa ukipona.

Mama Vitumbua (Jumatano, saa 3 asubuhi)
Niko kwenye benchi, mbele yangu wako watu sita. Binti ameshika daftari la hospitali na kichupa cha mawe, amesema tumwonyeshe daktari. Usiku nilitetemeka kidogo lakini nadhani ni baridi.

Nesi wa Usiku
Si baridi. Inuka sasa hivi, usingoje zamu, mwambie nesi wa mlangoni kwamba umetetemeka.

Mama Vitumbua (Jumatano, saa 3 na dakika ishirini)
Huyu ni binti yake. Wamemwingiza. Wamemwekea maji ya mshipa. Mama anasema Papa Fundi, ni magunia manne, unga mweupe.