Tupeane uzoefu: ziara ya siku moja Lanzarote, milima ya moto na mapango

Mtoto wa Bandarini: Wakuu, leo kwenye treni jirani yangu alikuwa anaangalia picha za Lanzarote, kile kisiwa cha volkano, kwenye simu, nikacheka peke yangu mpaka watu wakageuka. Waliowahi kupanda lile basi la kuzunguka kisiwa asubuhi hadi jioni, tupeane uzoefu. Mimi sisahau pale Timanfaya, kwenye milima ya moto. Kiongozi kachota kokoto kwa koleo, kanimwagia kiganjani. Nikajua utani. Kumbe za moto kwelikweli, na hapo hajachimba hata kina cha goti! Nilizirusha miguuni kwa Mjerumani wa watu.

Nyamizi: Hahaha zile kokoto! Na kichaka kikavu wanachotumbukiza shimoni, ghafla kinawaka bila kiberiti.

Bwana Mizani: Wakimwaga ndoo ya maji kwenye lile bomba la ardhini, kaeni mbali. Mvuke unaruka juu kwa kishindo. Mke wangu alinikimbia, akarudi kuulizia mkoba wake kwanza.

Kijana wa Garissa: Mimi wamenikera na ngamia. Nimekua nao nyumbani, halafu nifike huko nitoe yuro kumpanda, tena amefungwa kikapu mdomoni! Viti viwili, mmoja kila ubavu. Mwenzangu mwembamba, wakamning'inizia mfuko wa mchanga upande wake tulingane. Nilitukanwa bila kutajwa.

Nyamizi: 😂😂 mfuko wa mchanga

Mke wa Mvita: Ngojeni niwape ya lile pango la Cueva de los Verdes. Mama mkwe alikuja kututembelea kutoka Mombasa, mume wangu akasema tumpeleke akaone dunia. Kule nje aliyapenda yote, hata ile mizabibu ya La Geria, kila mmoja na shimo lake kwenye majivu meusi na kijiukuta cha mawe cha kuuzuia upepo. Kasifu sana kilimo, alipoambiwa ni cha mvinyo akasema "basi".

Tukashuka pangoni. Njia yenyewe ilitobolewa na lava ya volkano ya La Corona ikikimbilia baharini. Juu iliganda, chini ikaendelea kutiririka, likabaki handaki. Kiongozi, binti wa pale pale, akaeleza kwamba zamani wanakijiji walikuwa wanajificha humo maharamia wakija kukamata watu. Nami kwa kiherehere changu nikamtafsiria. Mama akasimama. "Walijificha humu? Na waliofia humu je?" Hapo tuko kwenye kipande kile dari iko chini, unapita umeinama, nyuma yetu kundi zima limekwama. Mama kashika ukuta kwa mikono miwili, kaanza Ayatul Kursiy kwa sauti, na pango lile linavyovuma! Kiongozi akaniuliza kama mama ana pumu. Nikamwambia anaomba dua. Bibi mmoja wa Kihispania nyuma yetu akapiga ishara ya msalaba, naye akaanza zake. Watoto wakalia. Mume wangu kajifanya anasoma kibao.

Mama hakusogea mpaka amalize, akapuliza kulia na kushoto, kisha akaongoza msafara kama yeye ndiye kiongozi. Tukafika kule mwisho kwenye korongo refu, akasema "hapo mimi sikanyagi, nirudisheni". Sasa wanaojua wanajua...

Kipanga: Usiseme! Kiongozi huwa anaomba watu wasitoboe siri.

Bwana Mizani: Siri gani, si maji tu yale? Dimbwi la kina kifupi limetulia, dari inajiona humo, unadhani shimo.

Kipanga: Wewe mtu una roho mbaya. Kuna watu wanaenda mwezi ujao.

Bwana Mizani: Wakienda wataogopa vilevile. Mimi nilikuwa nimeshaambiwa na bado niliruka kiongozi aliporusha jiwe.

Ustadh Kamusi: Dada, mapangoni majini wapo, mama alifanya la maana. Hata Amboni kule Tanga watu hawaingii ovyo.

Kijana wa Garissa: Amboni ni mawe ya chokaa yaliyoliwa na maji, haihusiani na volkano. Tusichanganye.

Ustadh Kamusi: Majini hawaulizi aina ya mawe.

Mngazidja: Mnavuka mabahari wakati Karthala, volkano yetu ya Komoro, ipo hapa jirani, meta 2,361, na ni hai! Ila sisi hatuchomi vichaka kuchekesha wageni. Mwaka 2005 majivu yaliingia kwenye mabirika ya maji ya mvua, watu wakakosa cha kunywa.

Nyamizi: Pole sana. Huko mlima ukikohoa si wa kupigia picha.

Kipanga: Hata Lanzarote haikuwa mchezo, ililipuka 1730 ikaja kutulia 1736, vijiji vikafunikwa. Ushauri: kwenye basi la Timanfaya kaeni kulia, hamshuki mle ndani.

Mtoto wa Bandarini: Kushoto! Kulia nilipiga picha ya ukuta.

Bwana Mizani: Kaa katikati ufumbe macho, barabara ile inapita ukingoni kabisa mwa shimo.

Mke wa Mvita: Na Jameos del Agua, pango lile lenye ziwa, msitupe sarafu majini hata kama mna nadhiri. Wale kaa weupe wadogo wasioona wanauawa na kutu ya chuma. Mama alishatoa shilingi ishirini, mlinzi akamdaka mkono.

Mwanagenzi: Naishi London kwa pasipoti ya Kenya. Kisiwa si kiko karibu na Moroko, visa inahitajika?

Kipanga: Kiko karibu na Moroko lakini ni cha Hispania. Chukua visa ya Schengen, ile ya nchi za Ulaya, mapema, na kofia iache nyumbani, upepo utaichukua.

Mwanagenzi: Na nikae upande gani wa basi?